Misumari Ishirini na Minne

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daftari hili ni zawadi ya mke wangu. Kaniambia kila siku niandike jambo ninaloshukuru, halafu nisimsimulie yeye mezani. Ni mwalimu wa chekechea, akirudi nyumbani masikio yameshajaa. Nashukuru kwa daftari.

Nashukuru zaidi kwa jambo la jana. Nimechaguliwa mwenyekiti wa wakazi wa jengo letu! Ghorofa nne, milango ishirini na minne, kila mlango kura moja. Nimepata saba. Mpinzani hakuwepo. Wengine hawakuja, au walikuja wakateleza zao walipogundua ni kikao. Mzee wa namba kumi na tano, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na hajaacha, alisimama akatangaza kwamba saba kwa ishirini na nne haifiki hata theluthi. Nikamshukuru kwa kuhesabu. Leo asubuhi kwenye ngazi nimesikia naitwa Mheshimiwa Saba.

Katika hizo saba moja ni yangu, na nyingine ni ya mama mkwe wa ghorofa ya nne, namba ishirini na tatu. Baadaye aliniambia aliinua mkono kuomba dirisha lifunguliwe. Haidhuru. Mkono ulikuwa juu, umehesabiwa.

Yeye ndiye sababu ya yote. Maji hayapandi ghorofa ya nne, huu mwaka wa tano. Mama mkwe huteka kwenye koki ya uani na kupanda na ndoo, anapumzika kila ghorofa, na magoti yake yana miaka sabini na moja kama yeye mwenyewe. Nikiwepo namsaidia, lakini huwa hasubiri niwepo. Wenyeviti watatu waliopita wameahidi maji. Wote wamehama.

Mimi kazi yangu ni kuchonga mihuri kwenye kibanda changu, kwa hiyo mamlaka nayajua yanavyotengenezwa. Leo nimejichongea wa ofisi: duara, nyota mbili, jua linachomoza. Jua limetoka kama yai la kukaanga, lakini linasomeka.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Ofisi imepatikana. Ni stoo ya chini ya ngazi, tunaitumia pamoja na mafagio. Jirani yangu wa kibandani, fundi funguo, kanipa kitasa kipya kinachofungwa kwa ufunguo ndani na nje. Mke wangu akaomba ufunguo wa akiba. Nikampa, maana mke wa kiongozi lazima awe karibu na madaraka. Hakucheka. Alikuwa amechoka.

Jioni akaja fundi bomba. Kagonga bomba kuu kwa spana, kasikiliza, kasema limejaa kutu kama chupa iliyojazwa mchanga. Kulibadilisha ni kazi ya siku moja, na Jumamosi ana nafasi. Furaha niliyokuwa nayo! Ikadumu dakika mbili. Akasema lipo sharti: milango yote ishirini na minne iweze kufunguliwa. Huko juu watu wamefungua koki zao miaka mitano iliyopita, hakikutoka kitu, wakazisahau hivyohivyo; na wa chini nao, maji yakifungwa kutwa, watafanya vilevile. Siku maji yatakapopanda, yatamwagika kwenye nyumba ambazo wenyewe wako kazini. Aliwahi kurudisha maji kwenye jengo lenye milango iliyofungwa, na dari likashuka mezani kwa watu waliokuwa wanakula. Hawakuumia, ila hawakumkaribisha. Tangu hapo, bila kuingia kila nyumba, hagusi kitu.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, uongozi upo. Nimebandika tangazo kila ghorofa: AMRI. Kila mkazi alete ufunguo wa akiba ofisini kabla ya Alhamisi jioni. Mihuri mitatu kila karatasi. Kisha nimetengeneza ubao, nimepaka kijani, nimepigilia misumari ishirini na minne na kuandika namba chini yake. Umependeza mno. Nimesimama nikiutazama mpaka chakula kikapoa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Funguo zilizoletwa: hakuna.

Kuna mtu ametumia tangazo la ghorofa ya pili kufungia kandambili. Nashukuru kwamba karatasi yangu ni imara.

Nimegundua kisa. Funguo za akiba za jengo hili zina mahali pake! Ziko chini, namba moja, kwa fundi cherehani tunayemwita Bibi Pindo. Anazo kwenye kopo la biskuti, na kila ufunguo umefungwa kipande cha nguo ya mwenyewe, kile kinachobaki akikupunguzia suruali au akikushonea pazia. Haandiki namba. Unamwendea umefungiwa nje, anakutazama tu, anaingiza mkono na kutoa kitambaa chako. Funguo za nyumba ishirini na tatu. Hana cheo, hana muhuri, wala hakugombea.

Nikaenda kumuomba anikabidhi kopo kwa utaratibu, na risiti nimeshachapa. Aliendelea kukanyaga cherehani. Akasema angenipa kwa moyo mkunjufu, tatizo hakuna hata mmoja ulio wake. Wenyewe wakiamua kuzileta kwangu yeye atanisaidia kuzibeba. Nikamuuliza kama anajua mimi ni mwenyekiti. Akasema anajua, hongera sana, na akaniuliza hiyo suruali niliyovaa nani kaikata hivyo.

Nimeondoka nimekasirika. Lakini nimwandikie haki yake: chai yake ilikuwa tamu, na kanipa vikombe viwili.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo nimezunguka mlango kwa mlango kuwasikiliza wananchi. Wananchi wamenipokea kwa heshima, wengine kupitia tundu la mlango. Mzee wa hesabu aliniuliza iko wapi ngazi yake ya mbao niliyoazima mwezi wa nane. Nikamjibu kwamba bado ipo katika matumizi. Kweli ipo. Ndiyo rafu ya ofisi.

Muuguzi wa namba nane alikuwa mkweli kuliko wote. Akanieleza kwamba siku moja alikumbuka akiwa wodini kuwa ameacha pasi inawaka. Akampigia Bibi Pindo. Mama yule akapanda, akafungua, akazima pasi, akafunga, akashuka. Ndani kulikuwa na vyombo vya siku tatu, na barua mezani ambayo muuguzi hakutaka isomwe na kiumbe yeyote. Mpaka leo, alisema, hajasikia neno la vyombo wala la barua, si kwa Bibi Pindo wala kwa mtu mwingine.

Nimemshukuru sana na kuandika yote. Sasa siri naijua. Siri ni pasi. Watu wanamwamini yule aliyewaokoa na moto, na mimi sijapata tu moto wangu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku ndefu. Naandika kwa mpangilio nisije nikajipendelea.

Asubuhi kabla ya kwenda kibandani nilifanya doria kwenye korido, nikinusa kila mlango. Ghorofa ya tatu, moshi! Unatoka chini ya mlango namba kumi na tano! Mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza ametua ndoo pale kupumzika. Nikaikwapua, nikapiga mlango teke, nikamwaga.

Haukuwa moto. Alikuwa Mzee wa hesabu na sigara yake, dirishani, na sasa ameloa hadi kifuani. Mkewe anaamini aliacha kuvuta miaka sita iliyopita. Nisingemwambia, ila nilikuwa nimeshapaza sauti ili majirani wasitaharuki: ni sigara tu jamani, Mzee anavuta sigara! Ghorofa tatu zilisikia. Mkewe alikuwa anapanda ngazi na kikapu.

Mama mkwe hakunilaumu. Aliokota ndoo yake tupu, akashuka nayo tena hadi uani. Nilimkimbilia nimpokee, akanikatalia. Hilo limeniuma kuliko maneno yote ya Mzee, na Mzee alikuwa nayo mengi.

Mchana nikafunga kibanda mapema nikajifungia ofisini. Nilihitaji kutiwa moyo, kwa hiyo nikaanza kufanya mazoezi ya hotuba ya kushukuru kwa funguo ishirini na nne. Nilikuwa nimejitanda pazia kuukuu begani. Hotuba ilifika pazuri sana, hata mafagio yalikuwa yananisikiliza. Nilipotaka kutoka, ufunguo ukakatikia kwenye kitasa.

Nikagonga. Nikaita. Saa nzima kwenye stoo isiyo na dirisha, na ubao wangu wa kijani unanitazama na misumari yake mitupu. Nikakaa chini. Niliona haya, niandike tu, na nililia kidogo.

Kisha nikasikia miguu ya kandambili. Bibi Pindo akauliza kama ni mimi. Akarudi na ufunguo, akausukuma ule uliokatika, akafungua. Ufunguo ulikuwa na kipande cha pajama langu la mistari. Mke wangu alimpelekea Jumanne ileile nilipompa!

Akanitazama: macho mekundu, pazia begani. Akasema pindo la hilo pazia limefumuka, nimpelekee alishone. Nikamsihi asimwambie mtu. Akaniuliza asimwambie mtu nini.

Sijui kilichonishika, nikaanza kumweleza. Si mambo ya amri. Nilimweleza kuhusu mama mkwe na ndoo, anavyopumzika kila ghorofa akijifanya anatazama nje, na jinsi nilivyomwaga maji yake leo. Nikamweleza sharti la fundi bomba. Bibi Pindo akauliza kwa nini sikusema hivyo tangu mwanzo. Tangazo lilisema amri, alisema, halikusema ni kwa ajili ya nini. Na kama shida ni milango kufunguliwa, funguo hazina haja ya kuhama.

Jioni hiihii kapanda ngazi zote, futi ya kupimia shingoni, kagonga kila mlango na kuuliza swali moja: kesho fundi bomba ataingia, mimi nitakuwepo naye, unaridhia? Wameridhia wote. Hata Mzee wa hesabu, na alikuwa bado anakausha viatu.

Nimemuuliza mke wangu kama na ufunguo wa nyumba yetu uko kwenye kopo. Akasema upo mwaka wa tisa, umefungwa kitambaa cha aproni yake ya kazini. Aliuliza pia: zile mara nne nilizofungiwa nje nikakuta mlango wazi, nilidhani anaufungua nani? Nilidhani ni bahati. Nilinuna kwa muda wa sahani moja, kisha nikashukuru. Nashukuru kweli.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Maji yamepanda.

Niandike tena. Maji yamepanda ghorofa ya nne!

Fundi bomba alianza alfajiri. Saa nane mchana bomba jipya lilikuwa ukutani. Halafu tukazunguka: Bibi Pindo mbele na kopo lake, fundi nyuma yake na spana, mimi nyuma ya wote na mfuko wa vifaa. Kila mlango Bibi Pindo aligonga kwanza, hata penye nyumba alizojua hazina mtu. Akafungua, akaingia na fundi, wakatoka, akafunga, akauvuta mlango kuhakikisha. Mimi aliniomba nibaki nje. Nikabaki nje mara ishirini na mbili. Nyumba yetu tu ndiyo niliyoruhusiwa kuingia, na mle tulikuta koki ya jikoni imefunguliwa yote. Jumla koki zilizokutwa wazi zilikuwa saba. Fundi alicheka akasema saba ndiyo namba yangu.

Mwisho tukafika kwa mama mkwe. Alikuwa amesimama jikoni, kavaa nguo ya kutokea. Fundi akamwambia afungue. Koki ikakohoa, ikatema kutu, ikatulia, kisha maji yakaja, meupe, yenye nguvu. Mama mkwe akaweka mkono chini yake asiutoe. Kisha akaomba kiti.

Nikamletea. Alipokaa akanishika mkono kwa ule uliolowa akasema, “Ahsante, mwanangu.” Miaka kumi na moja nimemuoa binti yake. Siku zote nimekuwa baba watoto, au wewe, au huyu. Nilishuka ngazi nimeziba uso kwa mfuko wa vifaa, nikajikwaa ghorofa ya pili, na goti linaniuma hadi sasa. Nashukuru hata kwa goti.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kikao cha shukrani uani. Wamekuja ishirini na moja! Mzee wa hesabu akatangaza kwamba ni asilimia themanini na saba na nusu, na wala hakuniangalia vibaya. Nimemrudishia ngazi yake asubuhi. Ofisi sasa haina rafu.

Watu wakampigia Bibi Pindo makofi. Muuguzi akapendekeza awe yeye mwenyekiti, hata leo. Moyo wangu ulishuka hadi kwenye kandambili, lakini nilipiga makofi nami, maana ni kweli anastahili. Akakataa. Alisema ana suruali kumi na nne za kupunguza, na mwenyekiti yupo, na aliyemtafuta fundi bomba ni huyohuyo mwenyekiti. Wakanipigia na mimi. Yalikuwa makofi machache, ya watu wanaotaka kwenda kufua sasa kwa kuwa maji yapo, lakini yalikuwa yangu.

Baadaye akanifuata ofisini. Akausoma ubao, msumari mmoja mmoja. Akaniambia kwamba ana shida moja ya miaka mingi. Anatunza funguo za watu wote, ila wake wa akiba hana pa kuuweka. Akiuweka kwenye kopo, siku akifungiwa nje kopo nalo limo ndani. Aliwahi kukaa kwenye ngazi tangu mchana mpaka jioni, na jengo zima hakuna aliyejua. Akatoa ufunguo wenye kipande cha kitambaa cheupe. Akasema nimtunzie mimi.

Nikamuuliza kwa nini mimi, baada ya yote yale ya sigara. Akasema mtu aliyelia kwa ajili ya ndoo ya mama mkwe anaweza kujaribiwa na ufunguo mmoja. Ombi lake ni dogo: ukae kwangu tu, asiujue mtu.

Nimeutundika namba moja. Nimekaa nao, mlango umefungwa. Nimechonga mihuri ya mawaziri na ya maaskofu, lakini sijawahi kupewa kitu chenye uzito kama huu. Sasa nimeelewa. Imani haiamrishwi, hupewa, na ikishapewa unaitunza kimya. Nimempigia mama mkwe kumwambia hayo. Alikuwa anaoga.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimeamka na wazo.

Msumari mmoja una ufunguo, ishirini na mitatu mitupu. Mgeni akiingia ofisini ataona nini? Ataona asilimia nne. Huyo mgeni hatajua maji yalivyopanda, wala kwamba Bibi Pindo, mtu anayeaminiwa kuliko wote humu, kaniamini mimi. Ukiaminiwa na yeye umeaminiwa na jengo zima. Hesabu hiyo hata Mzee hawezi kuipinga.

Asubuhi nikaenda na ufunguo kwa fundi funguo, jirani yangu. Nikamwomba nakala ishirini na tatu. Aliniuliza mara mbili kama nimesema ishirini na tatu. Kufikia mchana zilikuwa tayari, zinang'aa. Nikazitundika zote, kila msumari na wake.

Ubao umejaa! Sijawahi kuona kitu kizuri kama hiki. Stoo ina giza, nisingeutendea haki humo, kwa hiyo nimeuhamishia kwenye korido ya chini, mkabala na mlango mkubwa, ili kila anayeingia auone. Juu yake nimebandika karatasi: IMANI YA WAKAZI KWA UONGOZI WAO, 24 KWA 24. Mihuri minne. Bibi Pindo alisema asijue mtu, na hakuna anayejua, kwani jina lake sijaliandika popote. Nimeandika tu kwamba zote ni za namba moja, kwa ajili ya uwazi.

Watu wamepita wakitazama. Wamekuwa kimya sana, nadhani wameguswa. Mzee wa hesabu alisimama hapo muda mrefu, akahesabu hadi ishirini na nne, akavua miwani, akaondoka bila kunisalimu. Mama mkwe kaniita tena huyu, lakini alikuwa na haraka.

Saa kumi Bibi Pindo alitoka akaniuliza, kwa upole wake uleule, ufunguo wake uko wapi. Nikamwonesha kwa mkono wote: hizi hapa, zote! Akaegemea ukuta. Nikamletea kiti, maana kwenye familia yetu mtu akizidiwa na furaha huomba kiti. Hakukikalia. Akarudi ndani, na cherehani sikuisikia tena.

Jioni hii amekuja rafiki yangu fundi funguo na mfuko wake, kanipita bila neno, na sasa yuko mlangoni kwa Bibi Pindo. Anang'oa kitasa cha zamani na kuweka kipya. Nimeguswa mno. Mama yule ameona ufunguo aliokuwa amenipa umechakaa, na anataka kunipa ulio bora zaidi. Nimeshautoa ule wa zamani kwenye msumari namba moja ili nafasi iwe wazi, na nimekaa kwenye ngazi nasubiri. Nashukuru, nashukuru, nashukuru.